Barua ya wazi kuhusu daladala ya saa nane mchana

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Jiji la Tanga,
Kwa Afisa Mfawidhi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Mkoa wa Tanga,
Nakala kwa wenye magari, madereva na makondakta wa ruti za mjini.



Malalamiko ya asubuhi na jioni mnayo. Saa moja watu wote wanakwenda kazini, saa kumi na moja wote wanarudi, magari yanajaa mpaka mlangoni, na diwani yeyote aliyewahi kuitisha mkutano wa kata yake ameyasikia hayo mpaka ameyakariri. Sitayarudia. Naandika kuhusu saa nane mchana, saa ambayo daladala zipo, zimejipanga foleni nzima kituoni, kondakta anaita hadi sauti inamkauka, na hakuna inayoondoka.

Mnaifahamu hali yenyewe. Unaingia unakuta watu watano wamekaa kimya. Anaingia wa sita na kikapu cha samaki kutoka soko la Deep Sea. Injini inawashwa, gari linasogea hatua tatu kama linaloondoka, wa saba anakimbilia mlango, kisha linarudi lilipokuwa na injini inazimwa. Mpiga debe anagonga bati: mmoja tu, twende! Na mmoja huyo ameshaingia mara nne. Dakika arobaini zinakwisha hivyo bila ugomvi, maana kila aliyekaa anajua kwamba akishuka kwa hasira atakwenda kukaa kwenye gari la nyuma lenye watu wawili.

Abiria wa saa hiyo ni mama anayetoka kliniki hospitali ya Bombo na mtoto mgongoni, mzee aliyekwenda kufuatilia pensheni, kijana wa zamu ya mchana, mwenye genge anayerudi soko la Mgandini kuongeza nyanya, mtu aliyeshushwa stendi kuu ya Kange na basi la mkoani akiwa na mabegi mawili na kuku. Hawa hawana bosi atakayepiga simu ofisini kwenu kulalamika kwamba mfanyakazi wake amechelewa. Ndiyo maana muda wao umekuwa wa bure, na mji mzima umezoea kuutumia.

Kabla lawama hazijamwangukia dereva, tuangalie mfuko wake. Sehemu kubwa ya daladala zetu inaendeshwa kwa hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anataja kiasi anachotaka, jioni kinapelekwa. Mafuta, pancha, ushuru na wali maharage wa mchana ni juu ya dereva, na kinachobaki anagawana na kondakta wake. Tuseme hesabu ni shilingi elfu hamsini. Kwa nauli ya shilingi 600 hao ni abiria 84 wa kumlipa tajiri peke yake, mafuta bado. Hiace ya viti kumi na sita ikijaa inaingiza shilingi 9,600. Ikiondoka nusu inaingiza 4,800. Pengo la 4,800 lazima mtu alilipe. Dereva akiondoka, analilipa yeye kwa fedha. Akisubiri, tunalilipa sisi tuliokaa ndani, kwa muda wetu na kwa jasho. Kwa mpango tulio nao, anayesubiri ndiye mwenye akili. Ningekuwa kwenye usukani ule, ningesubiri pia, na ningesogeza gari mbele na nyuma vilevile.

Kukata ruti nako kunatoka humo humo. Jioni gari lenye kibao cha Kange linapofika njiani na kubaki na watu watatu, huku upande wa pili wa barabara wamejaa watu wanaotaka kurudi mjini, kondakta anafanya hesabu ya haraka kuliko mwalimu wa darasa la saba: mwisho wa gari ni hapa. Wale watatu wanashuka na kulipa nauli nyingine kwenye gari jingine. Wanaofanya hivyo wanakamatwa mara moja moja, wanatozwa faini, na faini inaingizwa kwenye gharama za kazi kama pancha. Kesho yake mchezo unaendelea.

Sasa tazameni jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Basi la mkoani linalotoka Kange kwenda Dar es Salaam au Arusha lina ratiba. Saa yake ya kuondoka inajulikana, LATRA inalifuatilia kwa mfumo wa kielektroniki likiwa barabarani, mwendo wake unaonekana kwenye kompyuta, na likichelewa au kukimbia kuna wa kuulizwa. Tangu Oktoba 2023 mabasi hayo yamerudi kusafiri hata usiku. Yaani mtu anaweza kusafiri kilomita mia tatu na ushee akijua saa ya kuondoka na kukadiria saa ya kufika, halafu akashuka Kange, chini ya kilomita kumi kutoka kitandani kwake, na hapo ndipo ujuzi wote unapokwisha. Daladala ya mjini ina rangi ya ruti, ina mwanzo wa ruti na mwisho wa ruti, ina nauli iliyobandikwa. Saa haina. Hakuna anayejua ya kwanza inatoka lini, ya mwisho inatoka lini, na katikati ya mchana zinapishana kwa muda gani. Serikali imempangia abiria wa mjini bei ya kitu bila kumwambia kitu chenyewe atakipata lini.

Na bei yenyewe, naomba tuiseme vizuri, kwa kuwa Tanga tunalipa kwa kipimo ambacho sidhani kilikatwa kwa mwili wetu.

Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Desemba 2023 ikapanda tena hadi 600, na ya kilomita 11 hadi 15 ikawa 700. Sibishani na kupanda kwenyewe. Bei mpya za mafuta hutangazwa kila mwezi na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, tena Tanga ina bei zake kwa kuwa tuna bandari inayopokea mafuta, na mwenye gari anayenunua tairi na vipuri hawezi kuambiwa abaki na nauli ya mwaka juzi. Ninachobishana nacho ni ngazi ya kwanza kuwa na kilomita 10. Dar es Salaam kilomita 10 ni mwanzo wa safari. Mtu akitoka Kariakoo na kwenda kilomita 10 bado anaweza kuwa katikati ya jiji. Hapa kwetu kilomita 10 ni mji karibu wote. Kutoka sokoni hadi Kange zipo ndani. Sahare imo, Raskazone imo, Makorora, Mikanjuni, Duga, Mabawa, Nguvumali, zote zimo. Ni Pongwe na wenzake wa pembezoni tu wanaotoka nje ya ngazi hiyo. Kwa hiyo kusema Tanga ina nauli za umbali ni heshima tu. Tuna nauli moja. Anayepanda barabara ya kumi na mbili na kushukia Chumbageni analipa sawasawa na anayekwenda mpaka stendi kuu.

Mwenye safari fupi anafanya nini? Hapandi. Mji wetu ni tambarare na watu wake wana baiskeli; Ngamiani kote, kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, utawaona wazee kwa vijana wakizikanyaga, na mimi binafsi naona hiyo ni fahari ya Tanga ambayo hatuilindi vya kutosha. Asiye na baiskeli anatembea. Mwenye haraka kidogo anachukua bajaji. Wote hao watatu ni abiria waliopotezwa na daladala, na wamepotea hasa mchana, saa ambazo safari nyingi ni fupi: sokoni, hospitali, benki, msibani, shuleni kumfuata mtoto. Wakishapotea, gari linachelewa zaidi kujaa. Likichelewa zaidi, hata mwenye safari ndefu anaanza kutafuta bajaji. Nauli isiyotofautisha safari fupi na ndefu, na gari lisiloondoka mpaka lijae, vinalishana.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme gari linaondoka mchana na watu saba, kila mmoja 600: ni shilingi 4,200. Sasa tuseme kuna nauli ya safari fupi, isiyozidi kilomita nne, kwa shilingi 400, na kati ya hao saba, watatu ni wa safari fupi. Dereva amepoteza 600. Akipata wawili wapya waliokuwa wakitembea kwa miguu au kupanda bajaji, ana wanne wa 600 na watano wa 400, jumla 4,400. Wawili tu, Waheshimiwa. Na katika njia yenye soko na hospitali, wawili hawatafutwi kwa tochi.

Kwa upande wa abiria, tazameni msichana anayeuza duka mjini kwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Akipanda gari moja kwenda na moja kurudi, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 31,200. Ni sehemu ya tano ya mshahara, na anavumilia. Lakini akiwa anaishi mahali ambapo lazima abadilishe gari, au ruti ikiwa na tabia ya kukatwa, inakuwa 62,400, na hapo mshahara umeshaliwa zaidi ya theluthi kabla hajanunua unga. Huyu ndiye atakayewaambia kwamba nauli ni kubwa. Kinachomuumiza zaidi ya zile 600 ni kuzilipa mara mbili kwa safari moja.

Kuhusu bajaji nina machache. Migogoro ya daladala na bajaji imeonekana Mbeya na Arusha, mpaka magari yakagoma na watu wakatembea, na kila inapotokea suluhisho linalotajwa kwanza ni kuzifukuza bajaji barabara kuu. Naomba Tanga tusifike huko. Bajaji inanyeshewa mvua, inapinduka, mguu wa abiria wa mbele unaning'inia nje, na bado watu wanaikimbilia. Wanaikimbilia kwa sababu inajaa kwa watu watatu au wanne na inaondoka. Ukiifukuza bila kuirekebisha daladala, utakuwa umemwondolea abiria wa mchana kitu pekee kilichokuwa kinaheshimu muda wake. Bajaji ibaki mitaani ambako Hiace haiingii, ilete watu barabarani. Ila kule barabarani wakute gari linalokwenda.

Wanafunzi je? Nauli yao ni shilingi 200, na ilibaki hapo hata wakubwa walipopandishiwa. Nia ni njema. Lakini punguzo hilo la shilingi 400 kwa kila mtoto halitoki hazina, wala halitoki Halmashauri. Linatoka kwenye mfuko wa dereva na kondakta ambao jioni wanadaiwa hesabu ileile. Kwa mfano wetu wa elfu hamsini, dereva angebeba wanafunzi watupu, angehitaji 250 kumlipa tajiri. Tukishajua hilo hatushangai kuona watoto wa sare wameegemea ukuta, gari baada ya gari likiwapita na kondakta akitazama juu kana kwamba kuna ndege inapita. Askari akisimama kituoni, watapandishwa siku hiyo. Tumewafanya makondakta wafadhili wa elimu bila kuwauliza, kisha tunawashangaa wanapokwepa mchango.

Basi, ombi langu. Hatuombi mabasi ya mwendokasi. Dar es Salaam ilianza mwendokasi wake Mei 2016, na pamoja na njia maalumu na vituo vya kioo, watu wa Kimara wameonja foleni za kusubiri mabasi yaliyopungua. Njia nzuri bila magari yanayokuja kwa saa ni barabara nzuri tu. Tanga, kwa ukubwa wake wa watu wasiofika laki nne kwa sensa ya 2022, haihitaji zege jipya. Inahitaji makubaliano.

Chukueni ruti moja, nasema ile ya mjini hadi Kange kwa sababu ina watu wa kila aina, muifanyie majaribio ya miezi mitatu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, gari linaondoka kila baada ya dakika 15, limejaa au halikujaa. Saa zenyewe ziandikwe kwenye bati, zipigiliwe vituoni, pamoja na saa ya gari la kwanza na la mwisho. Katika saa hizo nauli ya safari fupi iwe 400, kwa kibali cha LATRA, na mwanafunzi abaki na 200 yake. Asubuhi na jioni muwaache wafanye kama wanavyofanya sasa; tusivuruge kila kitu kwa mkupuo.

Ili dereva asife njaa, mapato ya saa hizo tano yawekwe pamoja. Magari ya ruti hiyo yaingie kwenye ushirika wao mmoja, fedha za mchana zikusanywe na wao wenyewe, zigawanywe kwa tripu na si kwa vichwa. Aliyepangiwa saa nane na robo akaondoka na watu wanne anapata sawa na aliyepangiwa saa saba na kukuta msiba umekwisha na watu ishirini wamesimama kituoni. Hapo sababu ya kusogeza gari mbele na nyuma itakuwa imekufa yenyewe. Nimewauliza madereva kadhaa kuhusu jambo hili. Wengi hawalikatai, wanachouliza ni nani atashika fedha. Ni swali la haki, na jibu lake ni wachague wao, wahesabu jioni mbele ya wote, na afisa ushirika wa Jiji awe na haki ya kufungua daftari.

Hapa wenye magari mtaniambia hesabu yenu itapungua. Ndugu zangu, kwa saa hizo tano mnajua wenyewe gari lenu linafanya nini: limeegeshwa juani na injini imezimwa. Hamtapoteza tripu zilizojaa, kwa kuwa hazikuwapo. Mnachoombwa ni kukubali kwamba hesabu ya mchana ifuate tripu, na kuacha kumdai dereva fedha za abiria ambao mchana hawapatikani.

Jiji lichangie nini? Tuhesabu. Kila dakika 15 kwa saa tano ni tripu 20 kwenda na 20 kurudi, jumla 40 kwa siku. Halmashauri ikidhamini kila tripu shilingi 1,000, ni elfu arobaini kwa siku, na kwa siku 26 ni shilingi 1,040,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 3,120,000. Sitataja gharama za semina elekezi ya siku mbili, maana barua hii inasomwa na watu wenye heshima zao. Fedha hizo zinaweza hata zisitoke mkononi: lisamehewe ushuru wa kituo gari linalotimiza saa zake, litozwe mara mbili linalokwepa, na sehemu ya mzigo itakuwa imebebwa. Zaidi ya hapo ni paa mbili tatu za kituo kwa ajili ya jua na mvua za masika, na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kuziba mashimo ambayo kila dereva anayajua kwa majina.

Mtasema watu wengine wamejaribu. Wamejaribu, na tuna la kujifunza kwa walipokwama. Kenya, Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki ziliagiza mikanda, vidhibiti mwendo, mistari ya njano, na pia wafanyakazi wa matatu, yaani daladala za huko, walipwe mshahara. Mikanda na mistari askari anaiona akiwa amesimama barabarani. Mshahara hauonekani barabarani, na kazi ya kutimiza hesabu ya siku haikuisha. Kwetu pia madereva waligoma Aprili 2015 wakidai, pamoja na mengine, mikataba ya ajira, na mikataba mingi bado inaishi kwenye faili. Kwa hiyo siombi agizo jipya la mshahara ambalo hakuna wa kulikagua. Naomba kitu kinachokaguliwa na bibi yeyote mwenye saa ya mkononi: gari la saa nane na robo limeondoka au halikuondoka.

Kigali nao mwaka 2013 waliugawa mji wao kwa kanda na kuzikabidhi kwa waendeshaji wachache kwa mikataba. Magari yakawa makubwa zaidi na mpangilio ukaonekana, ila foleni hazikuisha, na serikali ikajikuta ikichangia nauli tangu wakati wa korona hadi Machi 2024, ilipoacha na nauli ikapanda. Mkataba bila magari ya kutosha na bila fedha inayojulikana inatoka wapi hauendi mbali. Ndiyo sababu nimeanza na ruti moja na milioni tatu, nikawaachia wenye Hiace zao Hiace zao. Sitaki siku moja tuamke tumeambiwa kampuni moja kutoka mbali imepewa mji wote.

Afisa Mfawidhi, kwako nina neno la ziada. Nauli hupangwa baada ya kukusanya maoni, na tuna Baraza la Ushauri la Watumiaji ambalo kazi yake ni kutusemea. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na mada moja: nauli ipande kwa kiasi gani. Wenye magari huja na karatasi za gharama, abiria huja na uchungu, na karatasi hushinda. Safari ijayo wekeni mezani mambo mawili zaidi: ngazi ya kilomita nne kwa miji ya ukubwa wetu, na saa za huduma kuwa sharti la leseni ya ruti. Kama nauli mpya inaombwa, iulizwe inanunua nini. Abiria wa Tanga angelipa hata 650 bila kelele kama angejua kwamba gari linakuja baada ya robo saa. Hiyo ni imani yangu, na majaribio ya miezi mitatu yatasema kama nimekosea.

Nanyi madiwani, kabla ya majaribio kuanza, tumeni watu wa kuhesabu. Watendaji wa mitaa wanatosha, kila mmoja na daftari: gari limefika kituoni saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na watu wangapi, wanafunzi wangapi. Wiki mbili kabla na wiki mbili kila mwezi wa majaribio. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za ofisi za kata, yasiishie kwenye kabrasha. Mkiona magari yameondoka kwa saa lakini abiria hawakuongezeka, vunjeni mpango na mtuambie hivyo. Mkiona wameongezeka, upelekeni kwenye ruti ya pili, na ningeomba iwe inayopita Bombo.

Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi, na ninakusudia kuja kukaa kwenye viti vya wananchi jambo hili litakapopangiwa siku. Tangazeni tu mapema. Kikao kikianza saa tatu, mimi nitatoka nyumbani saa moja.

Wenu katika safari,
Abiria, mkazi wa Mikanjuni, Tanga